Mstari wa Daktari Tumboni Mwangu

Mimi, karani wa forodha Malaba, nusura nipasuliwe upande usio sahihi. Daktari alikuwa amepapasa uvimbe kwenye ini langu, akanichorea tumboni mstari wa wino wa kumwongoza, kisha akachora kwenye faili picha ya mtu mwenye mstari huo. Asubuhi ya upasuaji nikaoga, mstari ukafutika. Kwa woga nikanakili ule wa kwenye faili kwa kalamu, kushoto kwa kushoto, kama fomu za mpakani. Nilisahau kwamba mtu wa pichani alikuwa ananitazama.

Daktari alifunua shuka, akauona mstari wangu upande wa kushoto.

“Mzee, ini lako limevuka mpaka lini bila pasi?”

Nikaungama. Akacheka, akapapasa upya, akachora kulia. Siku hizi kila nikioga naliona kovu hapo, namshukuru.