Mzigo Uliotangulia

Katika ule mji mdogo ulioegemea lango la hifadhi hakuna mpagazi asiyemjua Mama Zipu. Jina alilopewa na wazazi wake alibaki nalo mwenyewe. Wengine wote walimwita kwa kazi yake. Chumba chake cha cherehani kiko nyuma ya duka la viatu, chembamba, dirisha moja, na humo zimelundikana jaketi za baridi, mahema yaliyochanika na mikoba ya mgongoni iliyokatika mikanda. Wageni hupanda mlima, huteremka, huwagawia wapagazi nguo zao kuukuu, na nguo hizo zikianza kuchoka huanzia kwenye zipu. Hapo ndipo anapoingia yeye.

Na mdomo anao, usipime. "Hili jaketi ulilivaa au ulipigana nalo?" humwuliza mwanaume mzima, ndevu zake kamili, naye husimama pale anajikuna kichwa kama mtoto. "Njoo kesho. Lakini najua wewe ukiambiwa kesho unakuja leo jioni, kwa hiyo njoo keshokutwa!" Wanacheka, wanaondoka, na kweli jioni wamesharudi.

Jambo moja tu lilikuwa halitaniwi mbele yake: Kitinda, mwanawe wa mwisho. Kitinda naye alikuwa mpagazi, na alifia huko mlimani msimu mmoja wa mvua, miaka imepita sasa. Walipomteremsha, msimamizi wa safari ile alikuja nyumbani na wapagazi wake, akavua kofia. "Ilikuwa juu kabisa, mama," alisema. "Kwenye theluji, mbali na watu wote. Hakuna ambaye angemfikia." Wapagazi waliosimama nyuma yake waliitikia kwa vichwa.

Mama Zipu akaishika habari ile kwa mikono miwili. Mbali! Lilikuwa ndilo neno lake la kulalia. Kama ni mbali, basi ni kazi ya Mungu, hakuna wa kulaumiwa, hakuna wa kuulizwa. Alilia mpaka macho yakakauka, kisha akarudi kwenye cherehani yake, na taratibu utani ukamrudia. Lakini mama ni mama. Alitaka kupaona. Alitaka kusimama mahali mwanawe alipovuta pumzi ya mwisho, amwambie mawili matatu, ateremke akaishi siku zake zilizobaki.

Wa kumpeleka alikuwepo. Rafiki wa Kitinda, mmoja mrefu waliyembandika jina la Ngazi, alikuwa mpagazi zamani zile na sasa ni mwongozaji. Kila akitoka mlimani hupita kwanza kwa Mama Zipu kabla hajafika kwake. Anamtengenezea bomba, anampandishia magunia ya vitambaa juu ya kabati, anakula, ananawa, anaaga. Anamwita mama, naye anamwita mwanangu, na majirani walishasahau kwamba hakumzaa.

"Nipeleke nikaone alipolala mwenzako," humwambia.

"Mvua, mama. Matope yako magotini."

Jua likitoka: "Wageni ni wengi mno." Wageni wakipungua: "Na hilo goti lako je?"

"Goti langu, wewe umekuwa daktari wake tangu lini?"

Mwaka huu alichoka kuzungushwa. Aliingia duka la mbele, akatoka na viatu vya kupandia mlima, akavivaa humo humo chumbani huku anakanyaga cherehani. Ngazi alipopita alivikuta miguuni. "Msimu huu napanda," alisema Mama Zipu. "Ukikataa, naenda na mwongozaji mwingine. Kila mmoja hapa mjini anajua ilikuwa wapi, atanionyesha."

Ngazi alisukuma kando sahani ya chakula, hajaigusa. "Basi, mama. Nitakupeleka mimi."

Siku ya kwanza ilikuwa msitu. Miti imevaa ukungu na kuvumwani inayoning'inia kama ndevu, maji yanasikika kila upande lakini huyaoni, nyani wanakohoa juu. Mama Zipu alipanda polepole, mkono kwenye goti, mdomo haujapumzika. Alipokwaruzwa na mwiba begani akapiga kelele, "Ahaa! Kumbe huku ndiko jaketi zangu zinakokuja kuuawa!" Ngazi alicheka, lakini cheko lenyewe la juu juu. Alimbebea mkoba, alimpa maji, alimshika mkono penye utelezi, ila maneno yalikuwa yamemwishia. Mama Zipu akajisemea moyoni, maskini, na yeye anamkumbuka mwenzake.

Walilala kwenye kibanda cha kwanza. Siku ya pili msitu ukaisha ghafla, wakatokea kwenye uwanda wa majani makavu na mimea minene iliyosimama peke yake peke yake, majani yake yamejikunja kwa baridi. Ukungu ukafunguka, na kwa mara ya kwanza Mama Zipu akauona mlima wenyewe. Mweupe, juu, mbali kweli kweli. Machozi yakamtoka hapo hapo.

"Ndiko kule?"

Ngazi alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Haya, kule au kokote, miguu ikatembea. Mama Zipu alikuwa amejipa moyo wa kutembea leo, na kesho, na keshokutwa ikibidi. Kwa hiyo mchana Ngazi aliposimama kando ya njia, penye jabali lililoinama kidogo, na kumwambia akae, alidhani ni kwa ajili ya goti. Akakaa, akanyoosha mguu, akashukuru.

"Mama," alisema Ngazi. "Ni hapa."

"Hapa nini?"

"Hapa ndipo alipokuwa Kitinda."

Mama Zipu aliangalia jabali, akaangalia majani, akainua macho kwenye ule weupe wa mbali. "Hapa hakuna theluji," alisema. Halafu akasikia sufuria ikigonga sufuria, na mtu akicheka.

"Nani hao?"

"Wapishi. Kibanda cha pili kiko hapo tu, nyuma ya hayo mawe."

"Siku ile kilikuwepo?"

"Kilikuwepo, mama. Ndimo tulimolala."

Ngazi alipiga magoti mbele ya Mama Zipu, urefu wake wote umekunjika, akayatoa yote kwa mkupuo, kama mtu anayeogopa kwamba akipumua atashindwa. Kitinda alikuwa na kikohozi tangu chini. Kufika kwenye uwanda alikuwa hawezi tena, mvua inapiga, ukungu umefunga. Ngazi akamtua mzigo, akauweka juu ya wake. Kitinda akamwambia, nenda ndugu yangu, tangulia, mimi nakuja nyuma yako. Akatangulia. Na pale kibandani msimamizi huwa hahesabu watu, anahesabu mizigo. Ndiyo desturi yao wote, kwa sababu mzigo hautembei wenyewe, ukiuona umefika unajua na mwenyewe yupo. Wa Kitinda ulikuwepo. Mizigo ikatimia, mlango ukafungwa kwa sababu ya mvua.

"Na wewe?"

"Nilikuwa nimebeba ya watu wawili, mama. Nilijilaza kidogo nimsubiri. Nilipofumbua macho kumeshakucha." Akaelekeza kidole kwenye jabali. "Nilimkuta ameegemea hapo ulipokaa. Msimamizi akasema tuseme ni juu kabisa, ili usiumie. Sote tukakubali. Nikakubali na mimi."

Mama Zipu hakuondoka pale alipokaa. Aliweka kiganja kwenye jabali nyuma yake, akakiacha hapo.

"Aliita?"

"Sijui, mama. Wallahi sijui. Mvua ilikuwa juu ya bati."

Mpishi mmoja alikuwa ametoka nyuma ya mawe kumwaga maji machafu, akawaona. "Ngazi! Mbona mmekaa kwenye baridi? Chai tayari!"

"Tunakuja," alijibu Ngazi. Alisema kwa sauti ya chini ya mtu anayelia, wala hakugeuka, na mpishi akamsikia, akainua mkono, akarudi ndani.

Mama Zipu naye aliona kwamba Ngazi amesikika, hata kwa sauti ile ya chini. Uso wake ulizeeka pale pale. Alimtazama yule kijana wa watu, aliyembebea mwanawe mzigo kwa huruma, aliyemtengenezea bomba miaka yote hii, na alimpenda, na alijua kwamba anampenda, na bado maneno yalimtoka.

"Ungemwachia mzigo wake, mwanangu," alisema. "Wangemtafuta."

"Najua, mama," alisema Ngazi.