Upande wa Kushoto Umepanda

Nikiri kwanza: kwa miaka minne titi langu la kushoto lilikuwa gumu kama ndimu changa, na miaka yote hiyo nilisema ni laini. Nilimwambia hivyo dada yangu. Nilimwambia hivyo tabibu wa zahanati aliyetaka kulitazama. Niliwaambia hivyo hata akina mama waliokaa kwenye viti vya plastiki kunisikiliza, na hao ndio wanaoniumiza roho mpaka leo. Kila mwaka walinialika nizungumze nao kuhusu saratani ya matiti, kwa kuwa mimi nimepona na, kama walivyosema wakinitambulisha, nimesoma. Mmoja wao akiuliza titi la kutengenezwa linakuwaje baada ya muda mrefu, nilitabasamu kitaalamu na kujibu kwamba mtu hulisahau kabisa. Nilijibu nikiwa nimesimama upande kidogo, maana nikisimama wima blauzi ilinibana.

Lilitengenezwa India miaka kumi na miwili iliyopita, baada ya lile nililozaliwa nalo kuondolewa. Chini ya ngozi waliniwekea kipandikizi, kifuko cha silikoni chenye umbo la andazi lililoumuka vizuri. Wakaniambia kwamba si kitu cha kudumu maisha yote, na kwamba kila baada ya miaka kadhaa nipigwe picha kuona kinaendeleaje. Nikaitikia, kama mtu anavyoitikia masharti ya kampuni ya simu. Kisha nikaacha kufundisha chuo kikuu, nikarudi Tabora kwenye nyumba ya wazazi wetu ili niandike, na picha sikupiga hata moja.

Miaka ya mwanzo tuliishi vizuri, mimi na kifuko changu. Asubuhi za Juni, mji unapopoa, chenyewe kilichelewa kupata joto. Nilikunywa chai, mwili wote ukachangamka, pale kifuani pakabaki na ubaridi wa jiwe la mtoni. Niliuzoea. Mchana, bati likilia kwa jua, nilijilaza na kuweka kiganja juu ya titi, kama mtu anayesikiliza ukuta wa jirani, na nikapitiwa na usingizi hivyo hivyo. Lilipoanza kuwa gumu nililipa ugumu huo majina mengine. Nikasema ni godoro. Nikasema ni meza ya kuandikia. Nikasema ni umri, ambao nao una kazi ya kubeba lawama zetu zote.

Aliyenikamata ni fundi cherehani.

Ni mama wa makamo anayeshona barazani kwake, Mtendeni, na amenishonea tangu niliporudi. Mwaka huu binti wa dada yangu alikuwa anaolewa, na dada yangu, ambaye huamua mambo bila kikao, alichagua kitenge cha sare ya familia: tausi wakubwa wa bluu, wawili wawili, wakitazamana. Kwa mshono alioutaka, tausi hao walitakiwa wakae kifuani, mmoja kila upande. Nikaenda kupimwa nikiwa wa mwisho, makusudi, barazani pasiwe na watu.

Nilimpa shikamoo yake, akaniitikia huku pini zikiwa mdomoni. Akanizungushia futi, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa.

"Mwalimu, hawa tausi hawatalingana. Wa kushoto atakuwa amepanda mti."

Nikacheka. Nikamwambia huenda kitambaa kimevutika.

"Kitambaa changu hakivutiki," akasema. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akafungua daftari lake la vipimo. Kila mteja ana ukurasa wake. Wangu ulikuwa na safu mbili, kulia na kushoto, na chini ya kushoto alikuwa ameandika kwa mwandiko wa shule ya msingi: *umepanda*. Mshono uliofuata: *umepanda tena*. "Mwaka wa nne huu nakushonea upande upande. Unafikiri hizo gauni zinakukaa kwa bahati?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Mwenye titi ni wewe. Mimi nina futi tu. Nilingoja useme."

Nimesimama mbele ya maprofesa nikatetea tasnifu yenye kurasa mia tatu, lakini pale barazani niliinua mikono tu anipime tena. Akanipima mara ya pili, polepole, na safari hii hakutania. Akaniambia kwamba tangu gauni la Pasaka upande ule umeongezeka vidole viwili, na kwamba kupanda ni jambo moja, kuvimba ni jingine. Tausi angewaondoa, akasema. Angeniwekea malinda kifuani, dada yangu akilalamika nimtume kwake. Mimi niende hospitali.

Nilienda Mwanza. Dada yangu nilimwambia nina semina.

Basi liliondoka alfajiri. Kijiji cha Puge nikakiona kwa macho yaliyofumba nusu, mashamba ya mpunga na ukungu juu yake, watu wakitokea na kupotea kana kwamba kuna mtu anayewafuta na kuwaandika upya. Nilikuwa nimejifunga mkanda ukapita juu ya titi, nikaushika kwa mkono nusu ya safari ili usiliguse. Jirani yangu akadhani naomba.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mwenye umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Alinipa shikamoo kwanza, kisha akaniuliza limekuwa gumu tangu lini. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Miaka minne." Ilikuwa mara ya kwanza kuisema, na hakuna kilichodondoka.

Alinieleza huku akichora nyuma ya fomu. Mwili ukiwekewa kitu kisicho chake na ukashindwa kukitoa, hukishonea utando wa kovu na kukifungia humo. Kwa watu wengi utando hubaki laini. Kwa wengine hukaza, mwaka hadi mwaka, mpaka kifuko kinabanwa, kinakunjika, kinasukumwa juu. Picha ilionyesha changu kimekunjika na huenda kimepasuka, na maji yamejaa pembeni. Akayavuta kwa sindano. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyotiwa maji mengi. Maji yanayokuja miaka mingi baadaye, alisema, mara nyingi ni hasira ya mwili tu. Mara chache sana ni saratani nyingine, adimu, inayoota kwenye utando wenyewe. Majibu yangechukua kama wiki mbili. Vyovyote vile kifuko lazima kitoke, na katika wiki hizo mbili nifikirie ninataka kiwekwe nini mahali pake.

Kwa hiyo nikarudi Tabora nikiwa na maswali mawili. La kwanza lilikuwa la maabara. La pili lilikuwa langu, na nilijifanya ni la maabara pia.

Wiki hizo nilitembea sana asubuhi, kwenye barabara ya vumbi iendayo Kwihara, mahali misafara ya zamani ilipopita ikielekea ziwani. Mimi ni Mnyamwezi. Mababu zangu walikuwa wapagazi, na tunasimuliwa kwamba mabega yao yalikuwa na sugu nene kama soli ya kiatu. Nikawa nalitafuna neno hilo njia nzima. Sugu ni ngozi iliyozoea mzigo. Lakini pia ugonjwa usiosikia dawa tunauita sugu, na mtu asiyesikia maneno vilevile. Nilistahili maana zote tatu na ilikuwa bado saa mbili asubuhi.

Mchana nililala na kuota. Nilikuwa kwenye mstari mrefu wa watu, jua jeupe, hakuna anayesema. Kila mtu ana mzigo begani. Wangu ulikuwa mdogo, wa mviringo, umefungwa kitambaa, na nilijua kwamba jambo la pekee ninalotakiwa kufanya ni kumuuliza aliye mbele yangu tunautua wapi. Sikuuliza. Nilitembea tu, vizuri sana, kwa mwendo wa kupendeza, watu wa vijijini wakinisifu. Niliamka nimekasirika. Mtu anayejiita mwandishi angetegemea kuota kitu kilichofichika zaidi kidogo.

Nilijua kilichokuwa kinanizuia. Kufa niliogopa, ndiyo, kwa kiasi cha kawaida. Lakini nikikaa na kifua bapa upande mmoja, kila mtu aliyenisikia nikisema *mtu hulisahau* angejua. Dada yangu angejua kwanza. Yeye ndiye aliyewaambia watu wa ukoo kwamba mdogo wake ni mzima kama mwanzo, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia.

Siku tatu kabla ya harusi tulikuwa uani kwake tukichagua mchele, kila mmoja na ungo wake. Alikuwa ananilalamikia malinda. Familia nzima ina tausi, alisema, mimi peke yangu nina mapazia. Simu ikaita ndani ya mchele. Nilikuwa nimeilaza unguni. Nikaiona namba ya Mwanza.

"Mama, maji ni safi," daktari akasema. "Hakuna saratani."

Niliomba arudie, akarudia. Nikaona punje za mchele zimenishika mkono mzima, nikaanza kuzibandua moja moja, taratibu, kana kwamba ndiyo kazi niliyopigiwa simu niifanye.

"Ila kifuko kimepasuka kweli. Ninakitoa pamoja na utando wote. Ulishaamua? Niweke kingine, nilijenge kwa nyama ya tumboni, au niache?"

Nyama ya tumboni ninayo, ya kutosha na kugawia majirani. Nilitaka kuinuka nikajibie bafuni. Dada yangu alikuwa ameacha kuchagua.

"Acha," nikasema kwa sauti ya chini.

"Mtandao unakata, mama. Sema tena, niandike."

Nikasema tena, kwa sauti iliyovuka ukuta wa ua. "Titi langu la kushoto liliharibika miaka minne iliyopita, daktari. Kitoe, ufunge. Usirudishe kitu."

Akasema ameandika. Upasuaji ungekuwa Jumanne, baada ya harusi, na nije na mtu wa kunisindikiza.

"Mwambie mtu yupo," dada yangu akasema, akiinamia simu, ungo ukimteleza mapajani. "Na mwambie mgonjwa atafika huko ameshachapwa."

Daktari akauliza ni nani huyo anayezungumza.

"Ni dada yangu," nikamjibu. "Alikuwa hajui."