Wiki Tuliyowachana Mbuzi wa Norjmaa

Mimi sina subira, na bonde zima linajua. Mume wangu Baljir husema chai naiepua kabla haijachemka. Kwa hiyo haya ninayosimulia msinitafutie kisingizio.

Jirani yangu Norjmaa alikuwa mjane wa miaka sitini na tatu, mfupi, mbishi, mwenye matege ya kupanda farasi tangu utotoni. Alibakiwa na mbuzi ishirini na sita tu. Mwanawe Ganzorig, dereva wa lori huko mjini, alimwambia mbele yetu sote: "Mama, nakuja theluji ikianza kuyeyuka. Nikikuta mbuzi wamepukutika, unahamia kwangu, na sitaki ubishi." Norjmaa aliuogopa mji kuliko alivyoogopa mbwamwitu. Aliwahi kukaa huko mwezi mmoja, akarudi amekonda. "Mdogo wangu," aliniambia, "kule unaamka unatazama ukuta wa mwenzio mpaka jua linazama. Bora nife nanuka mbuzi."

Jumatatu ya wiki ile matone yalianza kudondoka kwenye paa za mahema. Jumanne jua likawaka mpaka tukavua makoti ya ngozi. Mbuzi wakawa wanajisugua kwenye mawe, na sufi ile laini ya ndani, ambayo ndiyo inayotulisha mwaka mzima, ikaanza kuwaning'inia shingoni. Ikinasa vichakani imekwenda hiyo. Baljir alikuwa amekwenda kutafuta majani makavu ya mifugo, hivyo Norjmaa akanijia mimi, anahema.

"Dulam, tuwachane?"

"Sasa unangoja nini, dada? Wakualike?"

Tukaanza mchana uleule. Mimi nilishika pembe, yeye akapiga magoti na chanuo lake la waya. Kwetu mbuzi huchanwa kwa awamu mbili. Kwanza shingo na mbavu. Mgongo na kiuno huachwa na sufi yake mpaka majani mapya yatoke, kwa sababu majira haya hayaaminiki hata kidogo. Mtoto wa miaka sita anajua hilo. Tulipomaliza mbavu za yule wa kwanza, Norjmaa akapitisha kiganja mgongoni.

"Inajitoa yenyewe, ona. Lakini huku tuache, ee?"

Nyumbani nilikuwa nimemwacha kondoo aliyemkataa mwanawe, nyonga inaniuma, na jua linanichoma kisogo. Nikamfokea. "Malizia tu, dada! Nani atarudi wiki ijayo kukushikia pembe? Mimi nina kwangu."

Aliniangalia kidogo, kisha akamaliza mgongo. Akamaliza na wa pili. Jumatano kutwa ilikuwa vumbi na jua, vumbi na jua, nasi tukaendelea mpaka jioni mbuzi wote ishirini na sita wakawa wamechanwa kuanzia shingo hadi mkia. Wangu mimi nilikuwa bado hata sijawagusa.

Alhamisi asubuhi hewa ilikuwa ya uvuguvugu, akawatoa malishoni. Mchana upepo ukageuka, ukaja wa kaskazini. Ikanyesha mvua kwanza, halafu theluji, na hakuna kibaya zaidi ya hapo, kwani mnyama hulowa kisha akaganda. Mbuzi aliyepoteza joto hageuki kuukabili upepo. Anaupa mgongo na kwenda unakompeleka, na wenzake wanamfuata. Norjmaa akaruka juu ya farasi, akawafuata. Baljir, aliyekuwa amerudi saa hiyohiyo, alimkimbilia, akamrudisha kwa nguvu ameshika hatamu.

"Niachie, Baljir! Niachie, mshenzi we! Wale ndio nyumba yangu!"

Ijumaa kutwa tufani ilivuma. Alikaa hemani kwetu karibu na jiko, vidole vimevimba, hali, hanywi. Alisema jambo moja tu: "Yule mweusi ana mapacha tumboni." Nikajifanya nachochea moto.

Jumamosi kukawa kweupe, anga la buluu safi, jua la kupendeza. Nililichukia jua lile. Tuliwakuta korongoni, wamelundikana, wa juu wamewakanyaga wa chini. Watano walikuwa hai. Baljir alimgeuza mmoja aliyekufa, akavua glavu na kumpapasa mgongo.

"Huyu amechanwa mpaka kiunoni," akasema. "Hivi aliyeruhusu hili alikuwa na akili gani?"

"Sijui," nikasema. Nilisema hivyo, na Norjmaa yuko hatua tatu kutoka pale, anawatoa wazima mmojammoja kwa mikono ile iliyovimba.

Jumapili Ganzorig akafika, maji yanachuruzika kila mahali, matope mpaka magotini. Alitazama zizi. Hakupiga kelele, na nilitamani apige.

"Mama, nani aliwachana migongo?"

"Mimi."

"Peke yako? Nani alikushikia?"

"Niliwafunga miguu. Peke yangu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai ya maziwa. Nilingoja Norjmaa anitazame ili nipate pa kuanzia, lakini aliendelea kukunja mablanketi yake. Alijua kwamba yeye anaondoka, na mimi nabaki na hawa watu.

Ganzorig akanigeukia, macho yamemlengalenga. "Asante, mama mdogo, kwa kumtunza siku hizi. Laiti ungekuwepo alipowachana, usingemwacha afanye ujinga ule."

"Ndiyo, mwanangu," nikasema.

Norjmaa akanyoosha bakuli lake. Nikammiminia chai mpaka ikajaa.