Kilio cha Mjomba Idi

Sisi tuliokulia Chang'ombe kabla televisheni haijaingia kila sebule, sinema tuliziona bandani. Lilikuwa banda la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, ndani mabenchi, televisheni na deki moja ya video, nje jenereta inayonguruma na kunuka mafuta. Jua la Dodoma lilipolichoma lile bati, tulitoka humo tumelowa jasho, vumbi limetuganda shingoni, mifukoni maganda ya karanga. Mama alikuwa akinigombeza, "Mtoto wa kike na banda wapi na wapi," kisha jioni, tukisonga ugali, ananiuliza taratibu, "Hivi yule steringi alitoroka?"

Sinema zilikuwa za Wachina na Wahindi, hatukuelewa hata neno. Aliyetuelewesha ni Mjomba Idi, baba yake Rehema, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja. Alikaa mbele ya televisheni na kipaza sauti, akawasemea wote, mtoto, ajuza na jambazi, na maneno yake yakarekodiwa juu ya mkanda. Mikanda hiyo ilinakiliwa ikafika Kondoa, Mpwapwa, hata Singida. Kichina hakukijua wala Kihindi. Alitazama midomo, akatunga. Mchina akimkaripia mwanawe, kwa Mjomba Idi kosa la mtoto lilikuwa kumaliza mlenda kabla wageni hawajanawa mikono. Kwa hiyo vijana wa leo, wanaochukua sauti ya huyu wakaivalisha sura ya yule, wasidhani wamevumbua kitu. Sisi tulilelewa nacho.

Rehema aliugua msimu wa mvua. Homa ikampanda kichwani, na asubuhi moja lile dawati likawa langu peke yangu.

Matanga yalipoisha, Mjomba Idi alirudi kazini. Mkanda uliokuwa ukimngoja ulikuwa wa baba anayefiwa na binti yake. Mwenye banda akamwambia, "Huo uache, Idi. Chukua mwingine."

"Kazi ni kazi," akajibu.

Alipofika pale baba anapopiga magoti kando ya kitanda, akaacha kutunga. "Rehema, amka mwanangu," alisema. "Amka, kumekucha. Mama yako ameshakuwekea chai." Kisha akalia, na kipaza sauti kikabeba vyote.

Mkanda ulipoonyeshwa nilikuwepo. Wanaume waliozoea kushangilia ngumi waliinamisha vichwa. Mwenye banda akatoka akazima jenereta, nasi tukatawanyika. Mjomba Idi hakufasiri tena. Aliuza mitumba sokoni mpaka naye akamfuata binti yake.

Sasa nafanya kazi ofisini, kule Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Juzi tukila chakula cha mchana, Neema, binti tunayekaa naye chumba kimoja cha kazi, alicheka mpaka akapaliwa. Ni wa kizazi kisichoweza kumeza tonge bila kusimamisha simu mbele ya sahani. Nikachungulia. Kijana mmoja ameangusha simu yake kwenye ndoo ya maji, amepiga magoti, anachezesha midomo. Sauti inayotoka inasema, "Rehema, amka mwanangu." Neema akapandisha video nyingine, shabiki ambaye timu yake imefungwa. Nyingine, mbuzi aliyelala. Sauti ni ileile, kilio kilekile.

"Huyu namjua," nikasema.

"Yupi, dada? Huyu wa ndoo?"

"Huyo anayelia."

Alinitazama kama anayetaka kunisaidia. "Hiyo ni sauti tu ya mtandaoni, dada. Haina mwenyewe."

Jumamosi nilitoka kwangu Nzuguni nikaenda Chang'ombe kwa Bi Mwajuma, mjane wa Mjomba Idi. Nilitaka habari hiyo aipate kwangu kwanza. Nilichelewa. Baada ya shikamoo na kuulizana hali, akaanza mwenyewe.

"Watoto wa hapa nje wanaigiza kilio cha mume wangu. Nilidhani akili imeanza kunipotea."

"Wanakisikia kwenye simu, mama."

"Basi niwekee."

Alisikiliza simu akiwa ameishikilia sikioni, macho ukutani. "Ndiye," akasema. Akanirudishia simu. "Sasa nitafutie pale anapochekesha watu."

Nikatafuta, video baada ya video, naye akinisubiri mkekani. Vichekesho vyote vilikwenda na mikanda iliyoharibiwa na joto na mchwa; ni nakala moja tu ya ule mkanda wa mwisho iliyonusurika mahali, mtu akaitoa sauti. Kilichobaki duniani cha mtu yule ni kilio kile tu.

"Hakuna, mama."

Alikunja upande wa khanga yake, akaukunjua. "Basi waambie Rehema alikuwa mtu."

Enzi zetu hatukuwa wema kuliko hawa. Tulizomea, tulicheka ovyo, na yatima tuliwatania. Lakini aliyelia tulimjua kwa jina, na kwake tulipajua, tukaenda kukaa naye. Leo kilio kinafika nchi nzima na hakuna anayejua abishe hodi wapi.

Niliporudi nyumbani nilifanya alivyoniagiza. Chini ya video ya ndoo niliandika kwamba Rehema alikuwa mtoto wa kweli, rafiki yangu, aliyekufa kwa homa, na anayelia ni baba yake. Wengi waliweka alama za kucheka. Mmoja alinijibu kwa adabu zote: "Shikamoo mama. Simulizi yako imetugusa sana. Tunaomba uirekodi kwa sauti yako, ulie kidogo, ili tuitumie."