Gunia la Mama Mbele ya Kanisa

Kile kifaa ni changu. Sawa, kwenye maabara yetu ya Upper Hill tulikuwa wengi, lakini kile kikadi kinachonasa sumu ya ukungu kwenye mahindi nilikihangaikia mimi mpaka kikakubali. Unachoma gunia kwa bambo, kile kichuma cha kuchotea nafaka, unasaga mahindi uliyotoa, unachanganya na dawa, unadondosha tone kwenye kikadi, mashine inakisoma. Taa ya kijani, kula. Nyekundu, usithubutu. Najisifu, ndiyo. Nikingoja jirani anisifu nitazeeka.

Jumapili ya mavuno, kanisani kwetu Hurlingham, mchungaji aliniomba nipime magunia ya sadaka kabla hayajapelekwa kwa watoto yatima. La kwanza lilikuwa la mama yangu. Alikuwa amelileta mwenyewe kutoka shambani kwetu magharibi, na kanisa zima lilijua ni lake maana alikuwa ameshawatangazia.

Taa ikawaka nyekundu.

"Pima tena," mama akasema.

Nikapima. Nyekundu.

"Hiyo kitu yako imeharibika! Mahindi nimechagua na mkono wangu. Kwani nikichemsha?"

"Hata ukichemsha, mama. Hiyo sumu haisikii moto."

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Lakini ningewezaje kusema ni safi, na wa kuyala ni watoto wale? Mama akalifunga gunia lake polepole. "Basi isiende kwa watoto," akasema, akatoka nje. Usiku huo alilala kwangu Kileleshwa bila kugusa chakula.

Wiki kadhaa baadaye akanipigia simu. Hata salamu hakuna. "Hiyo ukungu inaingilia wapi?"

Nikamweleza: unyevu. Asianike chini kwenye udongo, asitie guniani kabla hayajakauka kabisa. Akanunua turubai. Kila wingu likipita anakimbia kuyafunika, majirani wakamcheka eti analea mahindi kama mtoto mchanga. Hakujali.

Mavuno yaliyofuata, akasukuma gunia lake mbele ya yote. Nikadondosha tone.

Kijani!

Vigelegele vikapasua kanisa. Nikageukia gunia la pili huku nikijifuta machozi, mama akanishika mkono.

"Pima tena."

"Mama, imepita."

"Wewe pima. Wale wa nyuma hawajaona."

Nikapima tena. Kijani. Ndipo akawageukia watu, kichwa juu.

"Hii mashine ni ya msichana wangu," akasema. "Na haina upendeleo. Mimi mamake ilinikatalia."