Siku Tuliyoitwa Mumiani

Harufu ya tope la majaruba ya mpunga, likichemka kwa jua la mchana, ndiyo inayonirudisha kidato cha pili, Ifakara, miaka ya tisini, wakati msichana aliyependa sayansi alionekana ana kasoro. Wenzetu walisema fizikia hukausha kizazi. Mwalimu Restituta, mwanamke pekee aliyefundisha baiolojia shuleni kwetu, hakubishana nao. Siku moja alituvusha mto kwa pantoni, akatupeleka Lupiro kuchota viluwiluwi vya mbu. Tuliingia majarubani tukicheka, sketi tumezikunja magotini, chupa zikigongana mikononi.

Mama mmoja aliyekuwa akipalilia aliona bomba la sindano tulilovutia maji, akapiga yowe: "Mumiani! Wamekuja kunyonya damu za watoto wetu!" Wanaume wakaja mbio na majembe, mapanga na fimbo. Mwalimu alitusukuma nyuma yake. "Shikamooni, wazee. Hawa ni wanafunzi wangu..." Hakumaliza. Mpini wa jembe ulimpiga mkono wa kulia, nikausikia mfupa ukivunjika. Rafiki yangu Anjela aliangushwa, akakanyagwa uso ukiwa topeni. Jiwe lilinipasua juu ya jicho, na damu, hiyo hiyo waliyodai tumekuja kuiba, ikanijaa mdomoni. Mgambo wa kijiji ndiye aliyetuokoa. Alitufungia kwenye ghala la mpunga, mapanga yakigonga mlango hadi polisi walipofika.

Nyumbani, mama aliniosha jeraha, kisha akanizaba kofi. "Kesho unahamia masomo ya sanaa! Nikuzike kwa sababu ya mbu?"

"Mama, Gasto alikufa kwa malaria," nilimjibu. Gasto alikuwa mdogo wangu.

Aliinua mkono tena, lakini haukushuka. Alikaa chini, akalia. Hakunigusia tena habari ya kuhama. Anjela alihamishwa na baba yake, kwa viboko. Mwalimu alirudi na bandeji ngumu, akaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, herufi zikipinda, mbele ya madawati mengi matupu.

Leo nafanya kazi maabara. Wasichana wa sekondari huja kwa makundi kuchungulia hadubini, na wazazi wao huwapiga picha kwa fahari. Hakuna anayewaambia habari za kizazi kukauka. Nawafurahia kweli. Lakini nikisikia kundi la watu likikimbia barabarani, hata wakiwa mashabiki wa mpira tu, nainuka kwanza, nafunga mlango, ndipo naendelea kuwafundisha.