Jicho la Mama na Mlango wa Nyuma

Safari hii sikuifanya kwa kutaka kuona mji. Mama yangu alikuwa amebakiwa na jicho moja, nalo lilikuwa linafifia. Mganga wa zahanati yetu hapa Kilosa alinieleza kwamba presha ya jicho haina subira, na kwamba Dar es Salaam yuko daktari mmoja, Mtanzania mwenzetu, anayeweza kulipasua kabla hajaondoka kwenda masomoni ng'ambo. Akatupatia siku ya kumwona, nayo ilikuwa ya mwisho. Nikamwachia mwalimu mwenzangu darasa langu, nikafunga nguo za Mama kwenye khanga, tukaenda stesheni.

Kimamba. Treni ilipita katikati ya mashamba ya mkonge. Nilimsimulia Mama ninachokiona, kwa kuwa yeye aliona ukungu tu. Mkonge ule sasa ulikuwa mali ya taifa na ubao wa kampuni ya zamani ulikwisha kung'olewa, lakini mistari ilikuwa ileile, wakataji walikuwa walewale, na bei yake bado ilipangwa Ulaya. Mama akauliza kama ile nyumba ya meneja ingalipo kilimani. Nikamwambia ipo, ila siku hizi anakaa meneja wetu. Alijifunika khanga akalala.

Dar es Salaam, asubuhi. Tulitembea taratibu kutoka stesheni hadi Kariakoo, Mama kanishika bega. Joto lilikuwa limeanza kuuma. Watu walisimama foleni ya sembe ya njano ya kutoka nje, na hakuna aliyecheka na mwenzake. Soko jipya lilikuwa likijengwa wakati ule, vumbi la saruji likitua juu ya mafungu ya nyanya ya wachuuzi waliosogezwa pembeni. Mwenyeji wetu, Bi Zuhura, Mzaramo wa Mtaa wa Swahili, alitupokea barazani. Yeye na Mama walijuana ujanani, Mama alipokuwa yaya wa familia moja ya Kiingereza huko Uzunguni, na Bi Zuhura akifua nguo nyumba ya jirani. Walishikana mikono kwa muda mrefu. Kisha Bi Zuhura akamtazama Mama machoni, akanitazama na mimi, akaenda kuinjika chai.

Jioni yake Idrisa, mwanawe Bi Zuhura, alirudi kutoka Chuo Kikuu. Kijana mpole, lakini ukimuuliza anasoma nini umekwisha. Alianza na mtaa wenyewe. Alisema jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita vya Waingereza na Wajerumani. Wengi wao walikufa njiani, likabaki jina la kikosi, tena la Kiingereza kilichovunjika. Akasema mji huu ulipangwa kama kabati: Wazungu kwenye upepo wa bahari, Wahindi katikati, sisi huku nyuma, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi makusudi ili tusiwasogelee. Halafu akaingia kwenye vitabu vyake. Ukoloni, alisema, una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni bendera na askari, na hiyo inaweza kuondoka kwa siku moja. Nusu ya pili ni kumfundisha mtu ajitazame kwa jicho la bwana wake, mpaka bwana akiondoka yule mtu anabaki kujilinda mwenyewe kama mfungwa.

Mambo hayo hunichosha, nakiri. Nilimwambia nafundisha siasa darasani na kasumba naijua: ni kuvaa tai kwenye joto hili na kuchomeka Kiingereza ofisini. Zaidi ya miaka kumi ya uhuru, mtu mzima bado anamsingizia Mwingereza! Idrisa hakukasirika.

"Dada, kasumba ya wakubwa unaiona kwa sababu imevaa tai," alisema. "Ya wanyonge huioni. Tunaiita adabu."

Nilimwambia anywe chai yake, itapoa.

Kesho yake mapema tulivuka Mnazi Mmoja, tukapita maduka ya Uhindini, tukatokea upande wa baharini, penye miti mikubwa na kivuli ambacho Kariakoo hawakijui. Hospitali yenyewe sitaitaja. Ni jengo la zamani, jeupe, refu, lenye ngazi pana mbele. Muuguzi alitupokea vizuri, akamkalisha Mama kwenye benchi la veranda ya mbele, akasema ataitwa kwa jina, na kwamba akipasuliwa atalala pale, kwa hiyo niende nikalete shuka na bakuli. Mama akaniambia niende tu, yeye hana shida. Nikaenda mbiombio Kariakoo.

Niliporudi benchi lilikuwa tupu. Nilifurahi, nikidhani ameshaingia. Muuguzi akaniuliza nilimpeleka wapi mgonjwa wangu, maana ameitwa na kuitwa, hadi barabarani, mpaka wakamwingiza mwingine. Daktari alikuwa amemaliza kazi na gari limempeleka uwanja wa ndege. Nilizunguka jengo zima kama mwendawazimu. Nikamkuta Mama nyuma kabisa, kando ya kamba za kuanikia mashuka, amekaa chini mbele ya mlango uliofungwa kwa kufuli lenye kutu. Alikuwa amevua viatu na kuviweka pembeni, sawasawa.

"Nimesubiri hapa," alisema. "Bado hawajaniita."

Alinieleza bila wasiwasi wowote. Alikuja bwana mmoja, karibu kabisa hata Mama akaitambua suti yake, akamwinukia ampishe benchi. Yule bwana alimwambia akae, nafasi ipo. Lakini alipokwisha kusimama, Mama aliona haya kwamba alikuwa amekaa pale tangu mwanzo. Enzi za uyaya, mtoto wa bwana akiumwa na kuletwa hospitali hii hii, mama mtu alipanda naye ngazi za mbele, na Mama alizunguka huku nyuma kusubiri aitwe. Basi alipapasa ukuta mpaka akaufikia mlango anaoujua.

Nilikaa chini kando yake nikalia. Yeye akadhani nimechoka kwa jua.

Siku iliyofuata daktari mwingine alimulika jicho kwa tochi. Alisema yeye si mpasuaji wa macho, atampa dawa ya matone, na tujaribu tena baada ya masika akipatikana mtu. Jioni tulikaa uani kwa Bi Zuhura, chakula mbele yetu hakiliwi. Idrisa alikuwa ameshasikia. Nilimngoja aseme kitu, hata kama ni cha kunisuta, lakini aliinamisha kichwa tu. Bi Zuhura ndiye aliyeshindwa kunyamaza. Alimwambia Mama kwamba mambo yale yalikwisha zamani, kwamba siku hizi mlango wa mbele ni wa kila mtu.

"Nani aliniambia?" Mama akauliza. "Redio ilisema nchi ni yetu. Mlango haikuusema."

Bi Zuhura alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Mimi nilikuwa na hasira, na ubaya wa hasira ile ni kwamba haikuwa na mtu wa kumwangukia. Muuguzi alitenda kazi yake. Bwana wa suti alikuwa muungwana. Daktari alikuwa mwana wa nchi hii.

Treni ya kurudi. Karibu na Ruvu Mama aligeuza uso kunielekea.

"Yule daktari aliyeondoka ni mtu mweusi kweli?"

"Mweusi, Mama. Nimeambiwa kwao Songea."

"Na yeye huingilia mlango gani?"

"Wa mbele."

Treni ikafika Ngerengere. Hapo akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba kumbe na yeye angepita.

Masika yalipokwisha jicho lile lilikuwa limekufa. Nimeandika haya kwa ajili yenu mlioniuliza niliona nini Dar es Salaam. Nilikuwa nikidhani mlango ukishafunguliwa kazi imekwisha, kila mtu ataingia kwa miguu yake. Sivyo. Lazima mtu atumwe azunguke nyuma ya nyumba, awashike mkono waliobaki kule wakisubiri kuitwa. Sisi tuliotangulia kuingia hatukumtuma mtu.